Spoki 32 kwa barabara ya Mambrui: magurudumu niliyojengewa Malindi

Kwa mwenye haraka, jibu langu ni hili: ukiwa na shilingi elfu arobaini za kubadilisha magurudumu ya baiskeli ya mbio, na baiskeli yenyewe inalala Pwani, usihangaike na wepesi. Tafuta magurudumu yenye spoki za kutosha, nipoli (vile vijinati vinavyokaza spoki kwenye ringi) za shaba ya njano, na habu, yaani kitovu cha gurudumu, ambayo fundi wa mtaani anaweza kuifungua, kuiosha na kuifunga tena. Hayo ndiyo niliyojengewa hapa Malindi. Nimeyaendesha tangu kaskazi ikivuma hadi kusi imeshika, na sasa nina la kusema juu yake.

Mimi ni mwalimu wa hesabu. Baiskeli yangu ni fremu ya alumini, uma wa kaboni, gia kumi nyuma, breki za kubana ringi. Niliipata mitumba Mombasa ikiwa bado na magurudumu yake ya kiwandani, mazito, na yakanitumikia vizuri mpaka yakaisha. Nieleze yaliishaje, maana watu wengi hubadilisha magurudumu kwa kufuata macho, na wengine wanaendelea kuendesha yaliyokwisha zamani bila habari.

Ringi ya breki za raba ni kitu cha kulika. Kila unapobana breki, raba inakwangua alumini, na huku kwetu raba hiyo imeshaokota mchanga na vumbi la matumbawe barabarani, kwa hiyo inakwangua kama msasa. Ringi nyingi nzuri huwekewa kishimo kidogo au mfereji mwembamba kwenye uso wa breki. Siku alama hiyo inapofutika, ringi imekwisha. Yangu ya nyuma ilikuwa imefutika, na ya mbele ilikuwa inaaga. Kama ringi yako haina alama, chukua rula ya chuma, isimamishe kwa ukingo juu ya uso wa breki, kisha tazama ukielekea kwenye mwanga. Mwanga ukipenya katikati, uso umebonyea. Usiichezee ringi ya namna hiyo. Tyubu iliyojaa upepo inasukuma kuta kwa nje muda wote, na ukuta ukishakuwa mwembamba hupasuka bila kubisha hodi.

Njia zangu ni zile zile za waendeshaji wa hapa. Kaskazini navuka daraja la Sabaki hadi Mambrui, na nikiwa na nafasi nafika Gongoni. Kusini nashuka hadi Gede, nakata kushoto kuingia Watamu. Mara moja moja naenda Marafa, kwenye makorongo mekundu ya Nyari, na hiyo ndiyo safari pekee inayonipandisha kidogo. Kwingine kote ni tambarare, upepo na matuta. Nayataja haya kwa sababu gurudumu huchaguliwa kwa barabara, na ushauri mwingi wa magurudumu unaozunguka umeandikwa na watu wanaopanda milima ya Ulaya.

Tuchukue hesabu ya uzito, maana ndiyo inayowala watu pesa. Mimi, baiskeli, chupa mbili za maji na pampu tunafika kama kilo 80. Magurudumu ya bei yanaweza kunipunguzia gramu 300. Gramu 300 kwa kilo 80 ni chini ya nusu ya asilimia moja. Kwenye mlima mrefu, hiyo nusu ya asilimia utaipata kama nusu ya asilimia ya muda. Kwenye tambarare ya Mambrui hutaipata kabisa, kwa sababu ukishakuwa kwenye mwendo, uzito haukugharimu kitu cha kusimulia. Kinachokugharimu ni upepo, na sehemu kubwa ya upepo huo inapigwa na kifua chako, si magurudumu. Mtu akikuambia uzito unaozunguka unahesabiwa mara mbili, ana hoja wakati wa kuongeza kasi tu, unapoondoka kwenye tuta au unapomkimbiza mwenzio. Kwa mwanariadha anayeshindania sekunde, hiyo ni kazi yake. Kwa mwalimu anayetoka baada ya alfajiri na kutaka kurudi kabla ya kengele, thamani ya gurudumu iko kwingine: liwe mviringo, libaki mviringo, libane breki sawasawa, na lipokee tairi pana.

Hilo la upana nalipa uzito mkubwa. Ringi za zamani zilikuwa nyembamba kwa ndani, milimita 13 hadi 15, na tairi ya upana wa milimita 28 ikikaa humo inajivimbisha juu na kubanwa chini, hivyo inayumba kwenye kona. Ringi ya milimita 17 au 18 kwa ndani inaikalisha tairi ile ile vizuri, na unaweza kupunguza upepo bila hofu ya kugonga ringi. Mimi nilikuwa najaza mpaka vidole vinakataa kubonyeza. Sasa nyuma naweka kama bar 5, mbele pungufu kidogo, na viungo vya daraja la Sabaki havinipigi tena mikononi. Kabla hujanunua tairi pana, hakikisha inapita kwenye fremu na chini ya breki. Fundi wangu hutumia ufunguo wa pembe sita wa milimita 4: ukipita kati ya tairi na fremu pande zote bila kugusa, sawa.

Nilipoanza kutafuta, nilikuwa na njia nne mbele yangu.

Ya kwanza ilikuwa kununua jozi iliyokamilika ya Shimano RS100. Kwa bei yake, ni vigumu kupata jozi mpya ya kuaminika inayoishinda. Ina habu za koni na gololi, yaani za kufunguliwa na kuoshwa, spoki 20 mbele na 24 nyuma, na uzito wa karibu kilo 1.9 kwa jozi. Ukiwa na elfu ishirini tu, na mwili wako si mzito, ichukue, hutalala ukijuta. Mimi niliiacha kwa sababu ya hesabu ya spoki. Gurudumu la spoki 20 likipoteza moja, ringi inayumba mpaka inasugua breki, wakati mwingine mpaka haizunguki. La spoki 32 likipoteza moja linacheza kidogo, unafungua breki kidogo, unarudi nyumbani polepole. Kati ya Mambrui na Gongoni unapitwa na malori ya chumvi, na baada ya adhuhuri hakuna kivuli. Nataka gurudumu la kunirudisha nyumbani.

Njia ya pili ni ya Malindi hasa, nayo inahitaji maelezo kidogo. Waitaliano wameishi hapa miaka mingi, na baadhi yao ni wapenzi wa baiskeli wa kweli. Mmoja akiuza nyumba, baiskeli nayo inauzwa, na ndipo unapokuta magurudumu ya Campagnolo au Fulcrum kwa bei ambayo Nairobi hutaisikia. Campagnolo ni kampuni ya Vicenza, iko tangu 1933, na Fulcrum ni mdogo wake. Kazi yao ni safi. Nilioneshwa jozi ya Zonda: spoki 16 mbele, 21 nyuma, za nyuma zimepangwa tatutatu, habu inazunguka mpaka unachoka kuitazama. Niliipenda, nakiri.

Lakini zungusha habu ya nyuma utazame ile sehemu inapovikwa kaseti, lile fungu la gia za nyuma. Mifereji ya Campagnolo si ya Shimano. Kaseti yako ya Shimano haitaingia, hata ukiibembeleza vipi. Magurudumu haya, hasa ya Fulcrum, yameuzwa pia yakiwa na sehemu ya Shimano, kwa hiyo usikate tamaa kabla ya kutazama. Njoo na kaseti yako mkononi, ijaribu pale pale mbele ya muuzaji. Ikigoma, sehemu hiyo huweza kubadilishwa, ila uiagize mbali na uilipie. Jambo la pili ni spoki zenyewe. Ni za kwao, zimetengenezwa kwa gurudumu lile. Moja ikikatika, hakuna kijiduka cha Malindi utakachoingia uitoe kwenye boksi. Na la tatu ni chumvi. Gurudumu lililokaa miaka kwenye nyumba ya ufukweni, mlango wazi, baiskeli ikitazama bahari, linaweza kung'aa nje na nipoli zikawa zimeshikana na spoki. Weka spana ya spoki kwenye nipoli mbili tatu na uombe ruhusa ya kuzungusha robo. Zikikataa, shukuru kwa chai uondoke.

Ringi za kaboni nitazipita upesi. Za bei nafuu kutoka China zinapatikana, kina chake milimita 50 na zaidi, na picha zake zinavutia. Kwa breki za raba zinataka raba zake maalum, na mvua ikinyesha breki inachelewa kushika. Tena kuna kusi. Ukitoka Sabaki kurudi mjini mwezi wa Juni au Julai, upepo unakuja kwa mbele upande wa kushoto, kutoka baharini, kwa vishindo. Ringi ndefu ya mbele inashika ule upepo na kuvuta usukani, na kulia kwako ndiko gari zinakopita. Siyo hapo pa kujifunza kushikilia usukani.

Nikabaki na njia ya nne: kununua vipande na kujengewa.

Nilichochagua ni ringi za DT Swiss R460, habu za Shimano 105 za mfululizo wa R7000, mashimo 32 mbele na nyuma, spoki zilizokondeshwa katikati, na nipoli za shaba ya njano. R460 ni ringi ya alumini, gramu 460 moja, kina milimita 23, upana wa ndani milimita 18. Haina makeke. Habu za 105 zina koni na gololi, kitu ambacho fundi yeyote aliyewahi kufungua baiskeli ya kubebea maji anakifahamu. Habu ya nyuma imetengenezwa kwa gia 11, lakini kaseti ya gia 10 inakaa ukitanguliza pete ya milimita 1.85 nyuma ya kaseti. Usiisahau, bila hiyo kaseti inacheza. Upana wa habu ni milimita 130, ule wa baiskeli za breki za ringi. Kama yako ina breki za diski, hadithi ni nyingine kabisa, kwa kuwa habu zake ni pana zaidi na ekseli zake si hizi. Na kama ni baiskeli ya zamani sana ambayo gia zake zinafungwa kwa thredi moja kwa moja kwenye habu, pima nafasi ya uma wa nyuma kabla ya kutoa hata shilingi.

Spoki zilizokondeshwa ni milimita 2 kwenye ncha na 1.8 katikati. Nyembamba, lakini ndizo zinazodumu. Spoki huvunjika kwa kuchoka. Kila gurudumu linapozunguka, spoki inayopita chini ya uzito wako inalegea kidogo, kisha inakazika tena. Iliyolegea sana inajikunja kwenye kiwiko chake pale kwenye habu, siku baada ya siku, mpaka inakatika. Spoki iliyokonda katikati inanyumbuka zaidi inapokazwa, hivyo haifiki mahali pa kulegea kabisa, na kiwiko kinapumzika. Gurudumu la nyuma ndilo lenye shida kubwa, kwa sababu upande wa kulia habu imesogezwa ndani kupisha kaseti. Spoki za kulia zimesimama wima na lazima zikazwe sana. Za kushoto zinabaki na karibu nusu ya mkazo huo. Ndiyo maana gurudumu la nyuma lililojengwa ovyo hukatika spoki mara kwa mara, na ukiona hivyo usilaumu uzito wako kabla hujamuuliza aliyelikaza.

Nipoli za shaba ya njano ndilo jambo nililokuwa tayari kugombania, na nililigombania. Alumini inaokoa gramu chache tu. Lakini alumini ikigusana na chuma cha spoki, kukiwa na maji ya chumvi kati yao, alumini ndiyo inayoliwa. Pwani maji ya chumvi yako hewani. Nipoli inageuka unga mweupe, inashika spoki, na siku unapotaka kunyoosha ringi inavunjikia mkononi. Duka moja la Nairobi lilinitumia za alumini ingawa nilikuwa nimeandika shaba, likanieleza kwamba ni bora zaidi. Nilizirudisha kwa basi lile lile. Zilikuja za shaba, na mzigo ukawa umekamilika.

Kabla ya kuagiza spoki ilibidi nipate urefu, na hapa nitawachosha kidogo, maana ni sehemu niliyoifurahia kuliko zote. Habu ya mashimo 32 ina mashimo 16 kila upande. Spoki ikipishana na wenzake watatu, pembe inayofanyika katikati ya gurudumu ni 3 × 360 ÷ 16, yaani digrii 67.5. Ukishakuwa na pembe hiyo, pamoja na nusu kipenyo cha duara la mashimo ya habu na nusu kipenyo cha ringi pale kichwa cha nipoli kinapokaa, kanuni ya kosaini inakupa urefu wa bapa, na Pythagoras anakuongezea umbali wa ukingo wa habu kutoka mstari wa kati. Toa milimita moja na kidogo kwa ajili ya nusu ya shimo, umemaliza. Mbele urefu ni mmoja pande zote mbili. Nyuma ni miwili, za kulia fupi kuliko za kushoto kwa milimita moja mbili. Kipimo cha ringi usikichukue kwa maneno ya mtu: ingiza spoki mbili za urefu unaojulikana kwenye mashimo yanayotazamana, zivishe nipoli, zivute zikaze, upime pengo lililobaki katikati. Rudia kwenye mashimo mengine, chukua wastani. Nililipeleka zoezi hili darasani, na mwanafunzi mmoja wa nyuma kabisa, ambaye kosaini zilikuwa hazimpati, ndiye aliyepima kwa utulivu kuliko wote.

Fundi wangu yuko Maweni, chini ya mwarobaini. Kazi yake ya kila siku ni baiskeli za mizigo, viti vya magurudumu vya wagonjwa, na siku hizi baiskeli za watoto. Hana stendi ya kunyooshea ringi. Anapindua fremu nzima iliyotolewa magurudumu, analibana gurudumu kwenye uma wake, na pembeni anafunga vipande viwili vya plastiki ngumu vinavyokaribia ringi bila kuigusa. Nilimwekea vipande vyote kwenye mkeka. Akaokota spoki moja, akaipinda taratibu kwa vidole.

"Mwalimu, hizi mbona nyembamba hivi?"

"Ndivyo zilivyo, mzee. Zinakaa pamoja, mzigo wanagawana."

"Haya. Zikikazwa tutazisikia."

Na kweli alizisikia. Alitia tone la mafuta mazito kwenye thredi za kila spoki, akazipanga za kulia kwanza, akazipishanisha, akakaza zote kwa hatua ndogo, akizunguka kuanzia tundu la vali na kurudi pale pale. Alipofika karibu na mwisho aliacha kutazama ringi, akaanza kuzipiga spoki kwa ukucha moja baada ya nyingine, kichwa kimeinama. Spoki ya kulia ikilia juu, inayofuata ya kulia ilie vivyo hivyo. Ikilia chini, anaizungusha robo. Za kushoto zina sauti yake ya chini, ila nazo zifanane zenyewe kwa zenyewe. Nilikaa pale nikisikiliza, na baada ya muda nikaanza kuikisia inayokosea kabla hajaigusa.

Halafu akafanya jambo ambalo mafundi wengi wa haraka hawalifanyi. Alizishika spoki mbilimbili zinazokwenda sambamba, akazibana kwa nguvu na viganja vyote viwili, gurudumu zima. Zikalia ti, ti, ti, kwa sababu spoki nyembamba hujisokota wakati nipoli inazungushwa, na zinapobanwa hivyo zinajinyoosha zenyewe. Ukilipokea gurudumu kabla ya hapo, zitajinyoosha njiani nawe umekaa juu yake, na ringi itaanza kucheza. Alinyoosha tena, akabana tena, mpaka likanyamaza. Mwisho akaligeuza kushoto kulia kati ya vile vipande vya plastiki kuhakikisha ringi iko katikati ya ekseli. Kazi ya jozi ilinigharimu elfu mbili na mia tano, na nikaongeza kidogo kwa hiari yangu, kwa sababu nilikuwa nimeona kazi inavyofanywa.

Barabarani sasa. Ukitarajia nikuambie nimekuwa na kasi mpya, sina habari hiyo. Mwendo wangu wa Mambrui ni ule ule. Nilichopata ni utulivu. Nikisimama juu ya pedeli kupanda kutoka darajani, ringi ya nyuma haisugui breki, na ile ya zamani ilikuwa inasugua kila nikikanyaga. Breki zinashika kwa ulaini, bila ule mshtuko wa pale ringi inapoungana. Mahali lami imemeguka pembeni, na gari linakuja ukalazimika kushuka kwenye changarawe, naingia na kutoka bila kufumba macho. Baada ya safari za mwanzo nilirudi Maweni kwa fundi akazigusa spoki chache za kushoto nyuma, jambo la kawaida kwa gurudumu jipya la kujengwa, na tangu hapo halijadai kitu.

Uzito wake ni kama wa jozi ile ya RS100, tena kwa bei ya juu zaidi. Anayetaka kuinua baiskeli kwa kidole mbele ya wenzake hatafurahi. Habu za koni na gololi nazo zinataka kuhudumiwa. Vizibo vyake vinazuia vumbi, lakini havikutengenezwa kwa mtu anayeipitisha baiskeli kwenye maji ya bahari, na mvua za masika zinaingia popote. Mimi nazifungua masika ikipita na tena vuli ikipita, natoa gololi, nazifuta, natia grisi mpya, nakaza koni mpaka ekseli haichezi wala haikwami. Gharama yake ni kopo la grisi na asubuhi ya Jumamosi. Beringi za kuzibwa zinakuondolea kazi hiyo, ila zikishakufa unahitaji saizi yake kamili na chombo cha kuzichomolea, na hapo utasubiri basi la Nairobi.

Kuna kitu ningekuambia ukifanye kabla ya haya yote kama magurudumu yako bado hayajaisha: tairi. Tairi laini ya nyuzi nzuri ndiyo inayobadilisha mwendo kuliko habu wala ringi. Grand Prix 5000 ya Continental, iliyotoka 2018, ni ghali lakini tofauti yake na tairi ngumu za kiwandani unaisikia siku ya kwanza, na zipo za bei ya kati zinazokaribia. Mwenye elfu kumi tu asinunue magurudumu nusu nusu. Anunue tairi mbili nzuri za 28 kama fremu inaruhusu, amlipe fundi akaze spoki alizonazo, abaki na chenji.

Kwa mwenye elfu arobaini, zangu zilikwenda hivi kwa makadirio: ringi mbili zilikula kama elfu kumi na mbili, habu zikala kiasi hicho na kidogo juu, spoki na nipoli kama elfu saba, kisha nauli ya mzigo na ufundi. Kilichobaki kiliingia kwenye tyubu na utepe wa ringi.

Ukienda kwa fundi, peleka spana ya spoki inayokaa barabara kwenye nipoli zako, kwa sababu ile ya baiskeli za mizigo ni pana na itazila kona. Mwache na muda wa kutosha. Usimjie saa kumi jioni ukitaka gurudumu magharibi. Na unapoagiza spoki, ongeza mbili za kila urefu, kwa urefu wote mitatu, na nipoli zake. Zangu nimezifunga kwa utepe ndani ya bomba la kiti, zimepakwa mafuta, na urefu wa kila moja umeandikwa kwa kalamu ya wino mzito ili fundi yeyote wa Gede au Gongoni asilazimike kukisia.